Siku Mji Ulipofurahi

Swichi iliposhushwa, pampu za kupozea mashine hazikunyamaza mara moja. Zilihema, zikatulia, zikahema tena, kisha maabara ikawa kimya kiasi kwamba niliwasikia watu wakishangilia nje, kwenye lango la kile kiwanda cha zamani cha sufi ilimokuwa maabara yetu. Profesa Hristova alisimama na koti lake mkononi kama abiria aliyeachwa na treni.

"Twende, Zornitsa," akaniambia. "Usiitazame."

Niliitazama mashine. Ndani ya pipa la shaba mlikuwa na chipu ndogo kama ukucha, iliyoishi kwenye baridi isiyopatikana popote pengine duniani. Kompyuta ya kwantamu kama hiyo yetu, inayohesabu kwa chembe ndogo kuliko vumbi, hukosea bila kukoma. Joto kidogo tu, lori likipita barabarani, na hesabu yote imevurugika. Kazi yangu ilikuwa kuifundisha programu iyakamate makosa hayo kabla hayajaenea. Sikuiandikia kanuni. Niliiacha isikilize, ibahatishe, ikosee, ibahatishe tena, mpaka ikaizoea chipu ile moja kama mke anavyouzoea mkoromo wa mumewe, akajua upi wa kuupuuza na upi wa kumwamshia. Ujana wangu uliishia humo, na sikuuona ukipita.

Kaka yangu Ognyan naye alikuwa na programu inayojifunza, ila yake ilisikiliza watu. Ilisoma kila walichoandika mitandaoni wakazi wa mji wetu, ikamwambia meya wameamkaje. Furaha ilikuwa kijani, hasira nyekundu. Hesabu zake na zangu zilikaribiana sana, na kila Jumapili kwa mama tulitaniana juu ya supu ya maharage.

"We unasahihisha makosa ya kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona," alisema.

"Na wewe unawasoma watu ambao hawajui wanaandika nini."

"Angalau wangu wanapiga kura!"

Mama alicheka, akatuongezea supu.

Majira yale ya baridi umeme ulianza kukatika. Nyaya za mji zilikuwa kuukuu tangu tukiwa watoto. Lakini mtu mmoja akaandika kwamba mashine ya kiwandani ndiyo inayoufyonza. Mwingine akasema mwanawe haachi kulia tangu iwashwe. Uchaguzi ulipokaribia, Ognyan alinifuata maabara, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hakuketi.

"Dada, kila kitu kimekuwa chekundu. Meya anataka kuwakatia umeme."

"Si umwambie ni uongo?"

"Nimemwambia. Kaniuliza, huo uongo una rangi gani?"

Nikaenda mwenyewe. Meya alinipokea vizuri, akanimiminia kahawa kwa mkono wake. Nikamweleza kwamba chipu ikishapata joto haitarudi kuwa ile ile. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Binti yangu, nakuomba wiki moja tu," akasema. "Tukimaliza uchaguzi mnawasha. Mimi jokofu langu nalizima kila nikisafiri, na sijawahi kulisikia likilalamika."

Swichi ikashushwa, naye akashinda. Umeme uliendelea kukatika vilevile, ila sasa hakuna aliyeandika lolote. Sisi tulirudishiwa wetu, tukaipoza mashine taratibu, nikaiwasha programu yangu. Chipu ilikuwa imerudi na kasoro nyingine kabisa. Programu ikawa inasahihisha makosa ambayo hayakuwepo tena, na kila ilipoyasahihisha ilizaa mapya. Nilikaa mbele yake wiki nzima nikitumaini nimekosea mahali. Sikuwa nimekosea. Wafadhili walisubiri hadi theluji ilipoyeyuka, wakajitoa. Profesa Hristova alihamia Varna kwa bintiye, na pipa la shaba likauzwa kama chuma chakavu.

Ognyan ndiye aliyenitafutia kazi, ofisini kwake. Nilikuwa nasoma maneno ya watu na kuiambia programu ni hisia gani. Mwezi wangu wa kwanza kazini nikafika kwenye maandishi ya siku tuliyozimiwa umeme. Kijani kitupu. Katikati nikaona picha ya mama, ile aliyopigwa chini ya mcheri wake, na chini yake maneno: *Hatimaye! Asante meya, sasa tutapumua.* Na mioyo miwili.

Ognyan hakuinua macho kutoka kwenye kioo cha kompyuta yake.

"Ulijua," nikasema.

"Nilidhani hutafika huko."

Jumapili nilimngoja mama amalize kupakua.

"Mama, kwa nini uliandika vile?"

Ilibidi nimkumbushe aliandika nini. Alivua miwani, akaifuta kwa aproni, na niliona anajitahidi kweli kukumbuka.

"Kila mtu alikuwa anaandika, mwanangu," akasema. "Sikudhani kuna anayesoma." Akanisogezea mkate. "Kula, supu inapoa."

Nikala. Jumatatu sentensi yake ilikuwa bado ipo kwenye kioo, programu inasubiri niiambie. Nikaandika *furaha*, nikaenda kwenye inayofuata.