Mkalimani katika Mahakama ya Bwana Haraka

Usingizi uliomletea Sikudhani Shekivuli ndoto hii haukumjia kwa raha. Aliukimbilia, kama mtu anavyokimbilia chini ya paa mvua inapomwanguka ghafla njiani. Ilikuwa Jumamosi ya jua kali mjini Korogwe, na tangu asubuhi ndugu walikuwa wamekusanyika nyumbani kwa mama yao, Bi Kijangwa, kwa jambo moja tu. Saumu, binti wa dada yao mkubwa Mwanaidi, alikuwa amepata ufadhili wa kwenda China kusomea uhandisi wa maji kwa miaka mitano, na jibu lake lilitakiwa litumwe siku hiyo hiyo kabla ya magharibi. Kaka yao Hoza, ambaye huenda Guangzhou mara mbili kwa mwaka kununua vigae, aliona hakuna hata cha kujadili. "Wale watu juzi tu walikuwa wakilala njaa," alisema, "leo wanapitisha reli juu ya mawingu. Mtoto aende akajifunze kwa waliofaulu." Mahanyu, kitinda mimba wao, aliyechomelea vyuma miaka minne katika kambi ya barabara chini ya msimamizi wa Kichina, aliweka kikombe chini kwa kishindo. "Kaka, wewe umewaona hotelini. Mimi nimewaona kazini. Mtu unaumwa, unaulizwa umemaliza? Na huko kwao mtu hana ruhusa ya kusema linalomkera. Binti tumemlea kwa kumfundisha kusema kweli, halafu tumpeleke akafumbwe mdomo?" Wakapandishiana sauti mpaka chai ikapoa na mihogo ikakauka sahanini, naye Saumu ameketi kimya karibu na mlango, macho yakimwenda huku na huku.

Ndipo Bi Kijangwa alipoinua mkono, watu wakanyamaza. Akamgeukia Sikudhani. "Mwanangu, wewe ndiye uliyeishi kule miaka sita, na Kichina chao unakitiririsha kama maji. Hawa wanatupigia kelele tu. Tuambie wewe: ile nchi ni njema au mbaya? Neno lako ndilo tutakalolishika." Riziki ya Sikudhani ilikuwa ukalimani. Katika mikutano mikubwa watu wazima walikaa kumsubiri yeye afungue mdomo ndipo waelewane. Leo, mbele ya mama yake mzazi, hakuwa na hata neno moja. Akaomba apewe muda hadi alasiri, akaswali adhuhuri, akajitupa kitandani katika chumba cha uani huku moyo ukimsuta. Hakukumbuka kufumba macho.

Alijiona amesimama katika uwanda mpana, mweupe kwa jua, ambao miti yake haikuzaa matunda bali ndimi, na kila upepo ulipopita ndimi zile zilisema zote kwa pamoja, hivi kwamba hakuna hata moja iliyosikika. Watu wa nchi ile walikuwa wengi, waliovaa vizuri na wenye sura za watu walioshiba, ila kila mmoja alitembea shingo imepinda upande mmoja. Wengine ilipindia kulia, wengine kushoto, na waliozeeka hivyo shingo zao zilikuwa zimekakamaa kama mti uliokulia kwenye upepo. Penye njia panda alikaa mtu mwenye masikio mengi mwilini kama magamba ya samaki, amefungua gunia mbele yake, akiuza. Mwenye shingo ya kulia alipewa habari, akaondoka akitabasamu. Mwenye shingo ya kushoto akapewa kinyume cha habari ile, naye akaondoka akitabasamu. Na zote mbili zilitoka katika gunia lile lile. "Huyo ni Uvumi," ilisema sauti pembeni yake. "Hana adui katika nchi hii, maana humpa kila mtu alichokwisha kukiamini."

Aliyesema alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa nguo isiyo na nakshi, mwenye macho yasiyokimbia chochote. Ni yeye peke yake katika umati ule ambaye shingo yake ilinyooka. "Mimi naitwa Insafu, mtenda haki," alisema. "Hapa ni Nchi ya Rai. Umeitwa mahakamani, na mimi nimetumwa nikupeleke. Usinipite, wala usibaki nyuma sana. Mwendo wangu ni wa polepole, na waliougua kwa kunisubiri ni wengi." Wakafuatana. Njiani walipishana na msafara wenye ngoma na matarumbeta, na juu ya kiti kilichobebwa na watu wanane aliketi bwana aliyevaa koti la vioo, likimeta hata mtu hawezi kulitazama. Sikudhani akasimama kwa heshima. "Huyu bila shaka ndiye Fahari," alisema. Insafu akatikisa kichwa. "Huyo ni Majivuno. Kwa mbali wanafanana, ndiyo maana kila taifa limewahi kumkaribisha mmoja likidhani ni mwingine. Majivuno ukimtajia kasoro yake moja huanguka kitandani. Fahari kasoro yake huitaja mwenyewe, wala haoni haya. Utamwona, usiwe na haraka."

Mahakama ilikuwa jumba refu lisilo na viti vya kutosha, kwa sababu hakuna aliyetarajiwa kukaa. Hakimu wake, Bwana Haraka, aliketi kwa tako moja, kiatu kimoja kimevaliwa na kingine kiko mkononi, na mezani pake palikuwa na mihuri miwili mikubwa: mmoja umeandikwa NJEMA, mwingine MBAYA. "Shauri la leo ni China," alisema kabla hata Sikudhani hajafika mbele. "Mashahidi wanazungumza lugha yao, baraza halina subira ya kujifunza. Wewe mkalimani! Wasikilize, utupe neno moja, tugonge muhuri, twende." Kulia kwake alisimama binti mwenye marashi, sauti yake laini kama mafuta ya nazi, huyo alikuwa Sifa. Kushoto alisimama mzee mwenye kidole kirefu kuliko mkono wake. Huyo alikuwa Lawama. Na nyuma kabisa, mahali ambapo hakuweza kugeuka kumtazama, alisimama mmoja mwenye mikono ya baridi, akamwekea vidole shingoni. Hakuhitaji kuambiwa jina lake. Alikuwa Woga, aliyekuwa naye tangu asubuhi.

Shahidi wa kwanza alipoingia, Sikudhani nusura alie. Alikuwa Mama Luo, jirani yake wakati alipoishi Chengdu, ajuza mfupi mwenye mashavu mekundu, aliyempandia ngazi za ghorofa nne na bakuli la uji siku alipolala na homa, ugenini, bila mtu. Alikuwa amevaa aproni yake ile ile yenye madoa ya pilipili. Akasema kwa lafudhi ya kwao, "Nilizaliwa katika nyumba isiyo na taa. Mwaka mmoja tulikula magome ya miti, na mdogo wangu hakuuona mwaka uliofuata. Leo mjukuu wangu anasoma chini ya taa, na mimi mwenyewe nimepanda treni nikaenda kuiona bahari, nikiwa na miaka sabini na mbili. Natembea kichwa juu. Lakini mwanangu yuko Shenzhen kiwandani, namwona siku saba kwa mwaka, na mjukuu huyo ananiita mimi mama."

Sifa akainama sikioni mwa Sikudhani. "Ya taa na treni yanatosha. Ya mwana yaache, yataharibu." Na Sikudhani, kwa vile vidole vya baridi shingoni, akaanza kufasiri, akafika kwenye treni, akanyamaza. Papo hapo mkono wa kushoto wa Mama Luo ukafifia, ukawa kama moshi, ukatoweka hadi kiwikoni. Baraza halikuona, ila bibi yule aliinua mabaki ya mkono wake akayatazama kwa mshangao, kisha akamtazama Sikudhani, bila hasira. Lawama akaona nafasi yake. "Umeona! Sema ya mwana na ya njaa, hiyo ya kichwa juu iache, ni ya kufundishwa." Sikudhani alipolifikiria tu jambo hilo, uso wa Mama Luo ukaanza kufifia, kuanzia kwenye tabasamu.

"Basi!" alipiga ukelele Sikudhani. Akavishika vile vidole vya baridi shingoni, akavibandua kimoja kimoja. Kisha akaanza upya, kwa Kiswahili cha kwao, taratibu: nyumba isiyo na taa, magome ya miti, mdogo aliyekufa, taa, treni, bahari, kichwa juu, mwana aliye mbali, mjukuu anayeita bibi mama. Hakuna neno alilolitafuta akalikosa. Kila alichokitamka kilirudi mahali pake, mkono, kiwiko, tabasamu, hadi bibi akasimama mzima mbele yao na aproni yake. Sikudhani akahisi kifua kimempanuka kwa jambo ambalo hakuwahi kulifikiria katika miaka yake yote ya kazi: kwamba lugha ya mama yake ilikuwa pana kiasi cha kumbeba bibi yule wa mbali bila kumvunja kiungo.

Bwana Haraka alikuwa akigonga kiatu mezani. "Ndefu mno! Mwingine!" Akaingia kijana Peng, msambazaji wa vifurushi, kofia ya pikipiki kwapani. "Mimi nimemjengea mama yangu nyumba ya matofali kijijini," alisema, "sijapata siku ya kulala ndani yake. Simu inanihesabia dakika. Na kila kona kuna kamera. Nahisi macho kisogoni hata nikiwa peke yangu. Nikiandika hilo mtandaoni, jioni halipo." Mama Luo akamgeukia pale pale. "Kamera hizo ndizo zinazomrudisha mjukuu wangu salama toka shule! Wewe hukuijua mitaa ya zamani." Peng akainamisha kichwa kidogo, kama kijana mbele ya mkubwa, lakini hakurudi nyuma. "Bibi, mimi sisemi mtaa usiwe salama. Nasema nami nataka kuulizwa." Bibi akakunja uso, akafikiri. "Hilo la kuulizwa," akasema hatimaye, "hata mimi sikuwahi kuulizwa." Kisha akaongeza kwa ukali, "Lakini usiiseme vibaya nchi yangu mbele ya wageni!" Peng akacheka. "Ni yangu pia, Bibi. Ndiyo maana naisema." Sikudhani akafasiri yote, hata ukali, hata kicheko. Nyuma yao mlango ulikuwa wazi, na nje, hadi macho yanapokoma, ilisimama foleni ya mashahidi: wakulima, wahandisi, walimu, wanajeshi, mabibi harusi, kila mmoja na la kwake.

"Neno moja!" alinguruma Bwana Haraka, mihuri yote miwili mikononi. "Njema au mbaya?"

"Mheshimiwa," alisema Sikudhani, na sauti yake ikajaa jumba zima, "mimi ni mkalimani, si muhuri. Watu wa nchi hiyo wenyewe wanabishana juu yake. Nitakufasiria mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho wa foleni ile. Keti."

Hakimu alikitazama kiti kana kwamba ameambiwa aketi juu ya moto. Akaitazama foleni. Akavaa kiatu chake cha pili, akatoka mbio kwa mlango wa nyuma, na Sifa na Lawama wakamfuata wakigombania njia. Insafu alimshika mkono Sikudhani akamwonyesha mahali waliposimama Mama Luo na Peng. Kati yao alikuwapo mtu wa tatu, mrefu, mtulivu, miguu ina vumbi. "Fahari," alisema Insafu. "Aliingia na bibi tangu mwanzo. Hukumwona kwa sababu hakupigiwa tarumbeta." Fahari akamwinamia Sikudhani kichwa, kama mtu anavyomsalimu mwenzake wa rika moja.

"Mama mdogo! Mama mdogo, alasiri imeingia, wanakungoja."

Alikuwa Saumu, amesimama mlangoni. Sikudhani akaketi, jasho limemlowanisha mgongo, na kabla hajashusha miguu chini akaelewa ni nini kilichomziba kinywa asubuhi. Hakuwa amekosa neno. Aliombwa moja, naye alikuwa nayo elfu, akayaonea aibu kwa wingi wake.

Alikwenda barazani akaketi kati ya kaka na mdogo wake, akaanza kusimulia. Aliwasimulia uji wa Mama Luo na ngazi za ghorofa nne. Hoza akapiga paja: "Si niliwaambia?" "Bado sijamaliza, kaka." Aliwasimulia mwenye nyumba aliyemfungia mlango baada ya kuiona rangi yake, na watu waliomshika nywele ndani ya basi bila kuomba. Mahanyu akanyoosha kidole: "Unaona, dada, unaona!" "Nawe subiri." Aliwasimulia profesa aliyekaa naye usiku na mchana wiki nzima kumsahihishia tasnifu, na rafiki aliyebadili mazungumzo kila mtu mwingine alipoingia chumbani, treni isiyochelewa dakika, na vijana waliosinzia ndani yake wima kwa uchovu. Alisema kwa saa nzima. Hoza na Mahanyu waliacha kukatiza. Mwishoni kila mmoja alikuwa na swali, na hakuna aliyekuwa na kelele.

Bi Kijangwa alimpigapiga binti yake begani. "Nilikuomba neno," alisema, "umenipa watu. Umefanya vizuri." Kisha wote wakamgeukia Saumu.

"Nitakwenda," alisema Saumu.

"Na wakikufumba mdomo?" aliuliza Mahanyu, safari hii kwa upole.

"Nitarudi nikwambie mimi mwenyewe, mjomba. Na wasiponifumba pia nitakwambia."

Mwanaidi alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Sikudhani alimvuta Saumu akamketisha ubavuni pake. "Nenda ukaone," alimwambia. "Na siku utakaporudi ukanipinga mbele ya watu hawa hawa, ukaniambia, mama mdogo, hapa ulikosea, basi hapo ndipo nitakapojua kwamba kweli ulifika."