Punje Ndogo

Kifuniko cha chuma kilishuka polepole ndani ya bomba la kioo la Sephora, kikazibana punje laini za jeli, kikasimama kwenye alama ya saba kutoka juu. Léonie aliona kijicho. Kwenye bomba lake mwenyewe, kwa miaka minne ya utafiti, kifuniko hakikuwahi kupita alama ya tano, na kushuka zaidi ndiko kulikotafutwa.

Yeye alitumia punje za ukubwa mmoja, akizichambua kwa chekeche la unga wa bukari, yaani ugali, alilolitoa jikoni kwa mama yake. Zilikwama mapema, zikashikana kabisa. Sephora, msichana wa mtaa wa Karavia aliyekuja maabara juzijuzi tu, alichanganya kubwa na ndogo. Ndogo zikajipenyeza katika nafasi zilizoachwa na kubwa, na kifuniko kikashuka zaidi kabla ya zote kukwama. Miezi mitatu tu! Na tayari Profesa Antoine, mkuu wa maabara, alimwita "binti yangu", jina ambalo Léonie hakuwahi kuitwa. Alasiri hiyo profesa angemchagua mmoja wao kwenda ng'ambo kusomea uzamivu.

Saa ya chakula Sephora alitoka. Léonie alichukua chekeche, akazitoa punje ndogo kwenye beseni la mchanganyiko wa mwenzake, akajazia pengo kwa punje zake mwenyewe za ukubwa mmoja. Kwa macho ya haraka, beseni lilikuwa lilelile.

Alasiri, mbele ya profesa, kifuniko cha Sephora kilisimama kwenye alama ya tano. Alikisukuma tena, jasho likamtoka. Kikagoma.

"Voilà, basi ni hivyo," profesa alisema, sauti imempungua. "Léonie, ni weye utaenda."

Furaha ilimjaa Léonie, akageuka ili mwenzake aione. Sephora alikuwa ameinamia daftari, akivikata kwa kalamu nyekundu vipimo vya miezi mitatu, ukurasa baada ya ukurasa.

"Yaya Léonie," alisema bila kinyongo, kwa heshima ya dada mkubwa, "njia ya weye njo ilikuwa ya kweli. Miye nilikuwa najidanganya tu. Utanifundisha kuchekecha?"

Kalamu ilifika ukurasa wa mwisho. Léonie alimshika mkono kwa nguvu.

"Usifute."

"Juu ya nini nisifute, yaya?"

Profesa, aliyekwisha kufika mlangoni, naye alisimama kusubiri jibu.