Kichwa cha Ukurasa wa Baba

Siku ya tisa tangu baba atoweke, bintiye alirudi kazini, maana nyumbani hapakuwa na la kufanya ila kutazamana. Walikuwa wamekwenda kiguu na njia: hospitali, vituo vya polisi, hata chumba cha maiti. Baba, fundi saa mstaafu mwenye kidole gumba nusu, alitoka asubuhi na kandambili za mkewe miguuni, akapotea kama aliyemezwa na ardhi.

Kazi ya binti ilikuwa kuandika vichwa vya kurasa za mtandaoni za kampuni ya magodoro, ule mstari ambao mtu huuona kwanza anapotafuta kitu. Wenzake walimwita Bi Kichwa. Vijana waliokuja kujifunza kazi kwake aliwaambia kila siku, "Usiandike unachotaka kusema wewe. Andika anachotafuta mwenzio."

Asubuhi hiyo aliandika "Godoro gumu kwa wanaoumwa mgongo", kisha akaiacha kazi hiyo. Alifungua ukurasa ambao kaka yake aliutengeneza kumtafuta baba. Kichwa kilisema: "Baba Yetu Mpendwa, Rudi Nyumbani, Mama na Sisi Wanao Tunakusu..." Kilikuwa kirefu mno, kimekatwa katikati ya neno. Waliousoma hawakufika hamsini, na wengi ni mashangazi na wajomba.

Baba hatausoma ukurasa huu, aliwaza. Atakayetafuta ni mtu aliyekaa na mzee asiyemjua, aliyepoteza kumbukumbu kama baba. Huyo ataandika nini? Akaandika yeye mwenyewe: mzee hajui jina lake. Akapekua kurasa kumi za majibu. Ukurasa wao haukuwamo.

Alimpigia kaka yake.

"Kaka, tubadilishe kile kichwa. Tuseme hajui jina lake."

"Dunia nzima isome kwamba baba yetu amerukwa na akili? Baba si godoro, mdogo wangu."

"Kaka, nakuomba. Nakupigia magoti."

Sauti ya mama ikaingia kwenye simu. Miaka miwili mama huyo alikuwa akimjibia mumewe salamu za wageni, akisema mzee kachoka tu.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," mama alisema. "Mimi ndiye niliyeficha. Andika, mwanangu."

Akaandika, maneno yenye uzito yakitangulia: "Mzee hajui jina lake, fundi saa, kidole gumba nusu". Alipofuta neno "mpendwa" machozi yalimdondoka juu ya vibonye, na mwenzake wa meza ya pili akajifanya hakuona.

Siku mbili hazikuleta kitu. Kila nusu saa alitafuta upya. Ukurasa ukapanda, mdogo mdogo, toka kusikoonekana hadi mstari wa nne, hadi wa kwanza. Hali chakula, haongei. Siku ya tatu, saa sita mchana, simu ikaita. Alikuwa mhudumu wa zahanati ya mji mdogo, mwendo wa saa tano kwa gari.

"Dada, huyu mzee wenu yuko kwetu. Gumba nusu, na saa yetu ya ukutani ameshaifungua mara mbili."

"Ni mzima?"

"Anapumua. Njooni upesi."

Walimkuta kitandani, amekonda, mguu wa kulia umefungwa bendeji hadi gotini. Alimtazama binti yake kwa adabu ya fundi kwa mteja.

"Saa yako bado, mama. Njoo kesho."

"Haya, fundi," alijibu, akamshika mkono.

Mhudumu aliwavuta kando. Mzee alikanyaga msumari. Kidonda kimeoza, na mguu itabidi ukatwe. "Tangu wiki iliyopita natafuta mtandaoni, naandika mzee hajui jina lake," alisema. "Sikupata mtu. Angefika hospitali kubwa siku zile, mguu ungepona."

Kaka aliketi sakafuni palepale, kofia mkononi.

"Ni mimi," alisema. "Kichwa changu kile."

Binti akakaa kando yake.

"Kaka, mimi nilikiona siku ya kwanza. Nilijua hakifai, hiyo ndiyo kazi yangu. Nikaona nitakuvunja moyo, nikanyamaza."

Ndani, baba aliita kuuliza ni nani aliyechukua bisibisi yake, na mama akaenda.