Chupa ya Chai ya Dada

Sisi mafundi cherehani tuna dhambi moja ndogo. Tukimpima mteja kiuno, daftarini tunaandika namba ya kweli, mdomoni tunamtajia iliyopungua kidogo. Gauni litamtosha na moyo wake utatulia. Miaka ishirini na miwili nimefanya hivyo, na hakuna aliyelalamika.

Sikujua kwamba ningekuja kujifanyia mwenyewe. Kila nikienda kliniki, nesi huniuliza, "Kiuno sentimita ngapi, mama? Wewe fundi, nakuamini." Nami namtajia namba ya mdomoni. Mwaka mzima! Juzijuzi wakapima damu, na damu haijui kumpendeza mtu: sukari juu, presha juu, mafuta nayo juu.

"Saratani ya titi umeivuka," daktari akasema. "Sasa tuangalie hii sukari isije ikakumaliza." Eti yanawapata wengi wetu tuliopona: dawa zenyewe, uchovu, kukaa kutwa, uzito. Akaniandikia vidonge zaidi, na chai ya sukari akaipiga marufuku.

Nimechoka, jamani. Nimekatwa titi, nimenyonyoka nywele hadi nyusi, nikadhani yamekwisha. Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni. Nilikaa kwenye benchi pale nje, nikaona hata kusimama ni kazi ya kulipwa.

Tena chai yenyewe si yangu, ni ya dada yangu mkubwa. Wakati wa zile dripu za saratani, kitu pekee kilichokaa tumboni mwangu kilikuwa chai yake ya maziwa, vijiko vitano vya sukari. Huu mwaka wa nne tangu nipone, na bado kila saa nne asubuhi anaingia na chupa yake bila hodi, anakaa juu ya robota la vitambaa, ananisimamia mpaka nimalize. Nitamwambiaje aache? Ni sawa na kumwambia hakuniponya.

Siku tatu nilikunywa huku najilaani. Siku ya nne vidole vya mguu vikafa ganzi juu ya pedali. Hapo niliogopa kwelikweli, maana bila mguu mimi si fundi.

"Dada, leo sinywi."

"Imepoa?"

"Nina kisukari."

Alifunga chupa polepole. "Tangu lini?"

"Wanasema kimeanza muda. Nimemficha nesi, nikakuficha na wewe."

"Na mimi kila siku nakumiminia."

"Si chai peke yake, dada. Ni dawa, ni mwili, ni mimi na uongo wangu."

"Usinibembeleze! Mtoto mdogo wewe." Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kipande cha bitana kilichokuwa mezani. Nami nikalia. Nilikuwa nimechoka kumwonea huruma, nikachoka kujihurumia.

Alipoinuka aliuliza, bila kunitazama, "Basi kesho nije na nini?"

"Njoo tu."

Kesho yake saa nne ilipita. Saa tano kasoro nikainua kichwa, nikamwona amesimama nje ya mlango uliokuwa wazi, mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Huyu ndiye aliyeniogesha nilipokuwa siwezi kuinua mkono.

Akapiga hodi.