Kitabu Kwenye Rafu ya Mifugo

Mzee alisimama mbele ya meza akisubiri shikamoo. Marieta aliendelea kubandika lebo kwenye vitabu.

Alikuwa amemtambua kabla hajavua kofia. Mwalimu Hermani, mkuu wa shule yake ya zamani. Mwili ulikuwa umepungua na koti limemzidi mabega, lakini shingo ilikuwa ile ile, imekaza kama ya mtu anayekagua gwaride.

"Hujambo, mama," mzee alisema mwishowe.

"Unatafuta nini?"

Kule dirishani, Bernadina, mkutubi mkuu, aliacha kuota jua akageuka. Hapa Mbulu hata mlevi humpa mzee shikamoo yake.

Mzee alieleza. Zamani aliandika kijitabu juu ya vilima na mabonde ya Masieda, majina yake na waliokaa huko kwanza. Alipostaafu alihamia Hanang, na lile tope la mlima likabeba nyumba na kila kilichokuwemo. Kwa sasa alikuwa kwa dada yake hapa mjini. Aliambiwa nakala moja ipo katika maktaba hii.

"Ngoja nitazame," Marieta alisema.

Alikiona mara moja, rafu ya historia, chini kabisa, chembamba kama daftari. Akatembea nacho hadi upande wa pili, akakisukuma katikati ya vitabu vya minyoo ya ng'ombe na chanjo za mbuzi. Akarudi mikono mitupu.

"Kimeazimwa. Jaribu kesho."

Mzee alipotoka, Bernadina alijimiminia chai. "Huyo babu amekukosea nini? Unabandika lebo kama unampiga mtu kofi."

"Hajanikosea."

"Sawa. Ijumaa nataka jibu. Nikistaafu unakaa kwenye kiti hiki, au unakwenda Katesh kwa shemeji yako kuuza dawa za mifugo?"

"Nafikiria."

"Fikiria vizuri. Kwenye dawa, mteja usiyempenda unamwambia zimeisha, anakwenda duka la jirani. Hapa hakuna jirani. Kitabu ukikiweka pasipo pake, umekiua. Afadhali kiibiwe, maana mwizi angalau atakisoma."

Marieta alibandika lebo nyingine. Diploma ya ukutubi aliichukua kwa sababu ndiyo kozi iliyompokea, mtu mzima mwenye mtoto. Kama kazi yenyewe ilimfaa, hakujua. Alichojua asubuhi hiyo ni kwamba ilikuwa tamu.

Alikuwa kidato cha tatu tumbo lilipoonekana. Mwalimu Hermani alimsimamisha mbele ya gwaride, na sweta lake la shule likavuliwa hapo hapo kwenye baridi. "Huyu si mwenzenu tena," aliwaambia wanafunzi. "Ni mama wa watu. Msalimieni mkubwa wenu." Shule nzima ikapaza sauti: "Shikamoo, mama!" Wengine walikuwa wanacheka. Geti halikufunguliwa mpaka alipojibu marahaba. Mimba ile ndiyo Violeth, ambaye sasa anamzidi mama yake urefu.

Jumatano mzee alirudi, viatu vimejaa matope. Kimeazimwa bado. Alhamisi akarudi tena.

"Aliyekiazima ni nani? Nimfuate kwake."

"Haturuhusiwi kusema."

"Mama, ukurasa wa katikati una picha ya mke wangu, Rogathe. Anasaga ulezi. Picha zake nyingine zote zilikwenda na tope." Alipangusa miwani kwa ncha ya koti. "Jumamosi narudi Hanang. Sijui kama nitapanda huku tena."

"Pole," Marieta alisema, na akashangaa jinsi neno lilivyotoka kavu. Alisimama mlangoni akimtazama anavyoteremka kuelekea sokoni, anakwepa bodaboda. Nenda, alisema moyoni. Nenda mikono mitupu, uone inavyokuwa.

Ila tangu Jumanne kitu kilikuwa kinamsumbua, na hakikuwa huruma. Kila alipopita rafu ya mifugo jicho lilikwenda pale pale. Mgongo wa kijani kati ya migongo myeupe. Namba ya historia kati ya namba za mifugo. Vidole vilimwasha. Mara moja alikuta mkono wake umeshakivuta nusu, akakirudisha kwa nguvu. Jioni hiyo nyumbani, wakichambua maharage, Violeth alimsemesha mara tatu.

"Mama, upo?"

"Kuna kitabu hakiko mahali pake."

"Basi kirudishe."

"Wewe hujui kitabu cha nani."

"Kwani kitabu kina kosa gani?" Violeth alicheka, akatupa jiwe dogo nje ya ungo.

Ijumaa Marieta aliwahi kufungua. Alikitoa kati ya ng'ombe na mbuzi, akakifungua katikati. Mwanamke mwenye kilemba amelipigia magoti jiwe la kusagia, anacheka na aliyempiga picha. Marieta alimtazama kidogo, akakifunga. Alikirudisha chini kabisa, rafu ya historia, akanyoosha jirani zake wakakaa sawa. Hakumsamehe mtu. Ule mgongo wa kijani tu ndio ulioacha kumsumbua.

Mzee alipoingia, Marieta alisimama.

"Mwalimu, unanijua?"

Mzee alivaa miwani, akainama. "Nilikufundisha?"

"Ulinifukuza. Ulinisimamisha kwenye gwaride nikiwa na mimba. Ukawaambia wanipe shikamoo."

Bernadina aliweka kikombe chini.

Mzee alifikiri. Alifikiri kweli, hakuwa anajifanya, na hilo ndilo lililomchoma Marieta.

"Mama yangu, tulifukuza wengi," alisema taratibu. "Ndivyo ilivyokuwa. Wewe ulikuwa wa mwaka gani?"

Kwa miaka yote Marieta alikuwa ameandaa maneno ya kumwambia mtu anayekumbuka. Sasa hayakuwa na pa kwenda. Alivuta kipande cha karatasi, akaandika namba.

"Kimerudi. Rafu ya historia, ile ya ukutani, chini kabisa."

"Hutanitolea? Macho yangu haya na magoti..."

"Namba hiyo hapo. Tafuta."

Mzee alishika ukingo wa rafu, akajishusha kidogo kidogo hadi magoti yakagusa sakafu ya saruji. Akaanza kupitisha kidole mgongo kwa mgongo, midomo ikisoma.

"Marieta," Bernadina aliita kwa sauti ya chini. "Leo ni Ijumaa."

"Najua."

Kidole kilifika kwenye mgongo wa kijani, kikasita, kikaupita. Kikaenda mpaka mwisho wa rafu. Mzee akatazama karatasi tena, akarudi mwanzo.

Marieta alikuwa ameketi tena, viganja juu ya meza. Kiti chake kilikuwa kimeshasogea nyuma kidogo, kama cha mtu anayetaka kuinuka.