Asilimia Sita ya Maji

Habakuki alinichukia, na mimi sikumnyima chuki yake. Tulisoma kozi moja ya kompyuta Tanga, lakini yeye aliajiriwa Korogwe, kwenye kiwanda cha maziwa alichofungua tajiri mmoja siku zile za soko huria, akavimba kichwa. Mimi nilikuwa Handeni, kwenye kituo kilichokipelekea kiwanda hicho maziwa, napima mafuta ya maziwa ya kina mama wa kijiji cha Misima. Vipimo niliviingiza kwenye jedwali, nikalitoa kama faili la maandishi matupu, nikalituma Korogwe kwa disketi.

Kompyuta yetu ilitoka Ujerumani. Desimali yake ilikuwa mkato, na safu ilizitenganisha kwa nukta mkato. Habakuki akaja akaweka mkato utenganishe safu pia, maana programu ya kiwandani ilitaka hivyo.

"Basi desimali iwe nukta," nikamwambia. "La sivyo namba zitapasuka."

"Agripina, wewe pima maziwa."

Wiki hiyo maziwa ya Naanyu, mmoja wa kina mama hao, yalipata mafuta asilimia 4,6, mazuri kuliko ya wote. Wenzake walipata namba kamili. Kule Korogwe 4 ikabaki kwenye mafuta, 6 ikaangukia safu iliyofuata, ya maji. Habakuki akaja na gari, akamwaga dumu zima la Naanyu chini mbele ya kina mama.

"Huyu anatia maji! Asilimia sita!"

Naanyu akaokota dumu lake tupu akaenda zake, asilete tena maziwa kituoni. Tangu siku hiyo hata jirani zake walinusa maziwa yake kabla ya kuyapokea, nami roho iliniuma.

Nikamfungulia Habakuki faili, nikamwonyesha ile 4,6 ilivyopasuka. Akarekebisha kimyakimya, kisha akanituma nimwite Naanyu arudi.

"Alinitukana mbele ya watu," Naanyu akasema. "Aje aseme ukweli mbele ya hao hao."

Habakuki hakuja. Basi nikawaeleza kina mama mwenyewe. Naanyu akafungua banda la chai stendi ya Handeni, na wote wakaanza kumpelekea yeye maziwa yao. Gari la kiwanda likawa linarudi tupu, mpaka tajiri akamtuma Habakuki akabembeleze.

Alikaa kwenye benchi la Naanyu, watu wamejaa.

"Shikamoo, mama. Naomba chai ya maziwa."

"Marahaba." Akamwekea ya rangi.

"Na maziwa, mama?"

"Yana maji, mwanangu," Naanyu akasema, stendi nzima ikasikia. "Si ulisema mwenyewe?"