Mawifi Wawili, Stafeli na Topetope

Mshona nguo alipoolewa, alimkuta nyumbani dada wa mumewe, mwoka mikate, mwanamke wa mwili na mdomo. Walipendana siku ileile, na tangu hapo hawakuacha kubishana.

Jioni moja mume alileta miche miwili. "Mmoja stafeli, mwingine topetope," alisema. "Upi ni upi, nimesahau." Akajiendea zake kuoga.

Wifi akauwahi wenye majani mapana. "Stafeli huu hapa, wangu!"

"Thubutu! Stafeli ni huu nilioshika mimi."

"Haya, tuwekeane dau," alisema wifi. "Atakayekosea atambeba mwenzake mgongoni, amzungushe nyumba nzima, mchana kweupe."

Mshona nguo, mwembamba kama sindano zake, alimtazama wifi yake juu mpaka chini, akameza mate. "Nimekubali."

Wakaipanda nyuma ya jiko. Majani ya mti wa wifi yaling'aa kama yamepakwa mafuta, na ukiyafikicha yalitoa harufu kali. Ya mshona nguo yalikuwa membamba, yamefifia. "Yangu bado yana usingizi," alijitetea. Maua yakaja: ya wifi manene, ya manjano, yamefumba kama ngumi, ya mshona nguo membamba, ya kijani, yananing'inia kama hereni. "Yanaona haya tu," akasema. Wifi alicheka hadi akakaa chini.

Matunda yalipokomaa hapakuwa tena na la kutetea. La wifi lilikuwa kubwa kama kichwa cha mtoto, lina vimiba laini. La mshona nguo lilijaa kiganja, vinundu vitupu. Wakayapasua. Ndani yalikuwa ndugu kabisa: nyama nyeupe, mbegu nyeusi za kung'aa. Lakini stafeli liliwakunja uso kwa uchachu, na topetope lilikuwa tamu hata mshona nguo akafumba macho.

"Nimeshindwa," alisema mdomo umejaa, "na wala sijutii."

"Utajuta sasa hivi. Inama!"

Akainama, wifi akapanda. Hatua za kwanza, sawa. Kisha akaanza kuyumba, na kwenye kona wakaangukia nguo zilizoanikwa, kamba ikakatika, wakalala pale wamefunikwa na shuka, wakicheka mpaka sauti ikawakauka.

Mama mkwe akatoka mbio. "Mna wazimu gani nyie?"

Wakamweleza, maneno yakikatizwa na vicheko. Mama akatazama kushoto, akatazama kulia, akajifunga vizuri kiunoni.

"Mkwe wangu," alisema, "mimi mwepesi. Hebu inama."